Kifundo Hakipigi Mpira: Maswali Yenu Kuhusu Fohendi

Barua za safari hii zimetoka Kampala, Jinja, Kabale, Entebbe, Gulu na Mbarara, zote kuhusu fohendi, pigo la tenisi la upande wa mkono unaoshika raketi, na karibu zote zinalalamikia kiungo kimoja, kifundo cha mkono. Tumejibu tukimfikiria mchezaji wa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze pande.

SWALI: Kocha wangu hunipigia kelele, "Legeza kifundo!" Nikilegeza, mpira unakwenda unakotaka wenyewe. Nikikaza, unaingia uwanjani lakini hauna nguvu, na mkono unachoka kabla seti haijaisha. Nifuate lipi?
*Mchezaji wa jioni, Ntinda, Kampala*

JIBU: Ndugu yetu, kocha anazungumzia misuli, wewe unasikia umbo. Misuli ilegee, umbo libaki.

Umbo lenyewe ni hili: nyuzi zinapogusa mpira, kifundo kimekunjwa kwa nyuma, mgongo wa kiganja umeinamia kigasha, na kiganja kiko nyuma ya mpini kikisukuma. Ili ulihisi, simama ukiutazama ukuta, mguu wa kushoto mbele. Weka uso wa raketi ukutani kwa urefu wa kiuno, kama sentimita 30 mbele ya nyonga, kisha egemea taratibu. Raketi itarudi kidogo mpaka kifundo kifike mahali kinapobeba uzito wako bila wewe kubana chochote. Hapo ndipo. Sasa rudia raketi ikiwa ubavuni mwako, si mbele. Kifundo kitalazimika kunyooka ili uso uelekee ukuta, na ukiegemea kitaporomoka. Ndiyo maana anayechelewa mpira hukaza mkono: anajikinga, na kumwambia alegeze bila kumsogeza mbele ya mpira ni kumwonea.

Kabla ya kulegeza chochote, kagua mshiko. Mpini una pande 8. Shika raketi ukingo mmoja wa kichwa ukitazama ardhi. Upande wa juu wa mpini ni namba 1, kisha hesabu ukielekea kulia. Tazama fundo la chini la kidole cha shahada limekaa wapi. Likiwa upande wa 3, huo ni mshiko wa isteni. Upande wa 4 ni semi-westeni, ambao wachezaji wengi wa siku hizi wanautumia. Upande wa 5 ni westeni. Likikaa upande wa 2, yaani kontinenta, mshiko mzuri wa sevu (pigo la kuanzisha pointi) na voli (kuupiga mpira kabla haujadunda), uso wa raketi utatazama juu kwenye mpira wa kiunoni, na itabidi uufunge kwa kuupindua mkono wakati uleule wa kugonga. Wengi wanaosema kifundo chao kina shida wana shida ya upande wa 2, na hakuna kulegeza kutakakowasaidia.

Sasa tuje kwenye kubana. Chukulia 10 ni nguvu zako zote na 1 ni raketi kukaribia kuanguka. Unaposubiri mpira, kaa kwenye 2, mkono wa kushoto ukiwa umebeba raketi shingoni. Mkono huo ndio unaompumzisha mwenzake, na wachezaji wengi wa klabu huuacha ukining'inia tu. Raketi ikiwa mwendoni, kaa kwenye 3 au 4. Kinachoshika ni kidole kidogo, cha pete na cha kati. Gumba na shahada vimetulia. Usipange kubana wakati wa kugonga. Mpira hukaa kwenye nyuzi kwa milisekunde 4 au 5 tu, na mtu huhitaji takriban milisekunde 200 kuitikia alichokiona. Mkono utajiongezea wenyewe hadi 5 au 6. Anayeuamuru huuamuru mapema mno, akawa ameshakuwa mgumu raketi ikiwa bado nyuma.

Kasi inatoka wapi basi? Inaanzia miguuni na kupitia nyonga. Nyonga na mabega yanapoanza kugeuka, mpini unafuata, lakini kichwa cha raketi kinabaki nyuma kwa uzito wake. Kigasha kikiwa kimelegea, kifundo kinajikunja chenyewe na kitako cha mpini kinauelekea mpira. Misuli ya upande wa ndani wa kigasha inavutika, kisha inairudisha nguvu hiyo raketi inapopita mbele. Mtazame mtu anayefyeka nyasi kwa slasha kando ya barabara: mwili unaanza, chuma kinafuata, na mpini haukamatwi kwa hasira. Anayekikunja kifundo kwa makusudi na kukifunga tangu mwanzo amepata picha inayofanana na ya bingwa, lakini mvutiko wa misuli haupo.

Halafu huo mpira "unaokwenda unakotaka" una habari ya kukupa. Ukienda sana kushoto au ukiingia wavuni, kichwa cha raketi kimeupita mkono kabla ya kugonga. Mara nyingi chanzo ni kifua kilichoacha kugeuka: mwili ukisimama, mkono unasimama, na raketi inaendelea peke yake. Maliza mgeuko mpaka bega la kulia liutazame wavu. Ukienda kulia au ukipaa, umechelewa. Anza kugeuza mabega mapema, mpira wa mpinzani ukiwa bado haujavuka wavu. Kosa halihitaji kuwa kubwa. Uwanja una urefu wa mita 23.77, na mpira ukipotoka digrii 5 tu kutoka mstari wako wa mwisho, utafika upande wa pili ukiwa nje ya shabaha kwa takriban mita 2.

Kwa mazoezi, anza na mizunguko 10 ya hewani ukishika mpini kwa gumba, shahada na kidole cha kati peke yake. Sikiliza mvumo wa raketi: usikike mbele yako. Ukisikika nyuma, umetumia nguvu mapema. Kisha simama kwenye mstari wa sevu, mita 6.40 kutoka wavu, jidondoshee mpira na uupeleke ndani ya maboksi ya sevu ya upande wa pili, mipira 20, ukibana kwa 3. Ikianza kutoka nje, punguza mwendo wa kurudisha raketi nyuma, usiongeze kubana. Ukiona 15 kati ya 20 zinaingia, rudi nyuma hatua tatu. Toa pumzi wakati wa kugonga, na uikague taya: meno yakiwa yameumana, mkono hauwezi kuwa umelegea.

SWALI: Kwenye runinga nawaona mabingwa akina Nadal na Alcaraz wakipindua kifundo kwa kasi na mpira unazunguka kama pia. Maka wa klabu yetu, yule anayewachezesha wanachama mazoezi, anasema hawakipindui. Nani yuko sahihi?
*Mtazamaji, Jinja*

JIBU: Maka wenu. Kifundo kinasogea kweli, ila unachokiona kimetokea baada ya mpira kuondoka. Kinaanza kufunguka kabla ya kugonga, lakini kinapoufikia mpira bado kimekunjwa kwa nyuma. Ule mwendo wa raketi kufagia kama waipa ya gari unatoka kwenye mkono wa juu unaojizungusha ndani ya bega, pamoja na kigasha kinachogeuka. Mpira unazunguka kwa sababu kichwa cha raketi kilishuka chini yake, kisha kikapanda kwa kasi kikiusugua.

Hakiki mwenyewe kwa simu. Iweke juu ya mkoba kwa urefu wa kiuno, upande wa kulia, mita 4 hivi kutoka ulipo, na uchague picha 240 kwa sekunde. Kila picha itachukua takriban milisekunde 4, kwa hiyo tendo la kugonga litaonekana kwenye picha moja, kwa bahati mbili. Video ya kawaida ya picha 30 kwa sekunde inaruka milisekunde 33 kati ya picha na picha, na humo ndimo uongo wote kuhusu kifundo unamojificha.

SWALI: Nikiwa Kampala kwa dada yangu fohendi inaingia vizuri. Nikirudi nyumbani, mapigo yaleyale yanapita mstari wa mwisho. Naishia kuubana mpini kwa nguvu zote.
*Mwalimu, Kabale*

JIBU: Mwalimu, mshtaki hewa kwanza. Kabale iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi haiupunguzii mpira kasi ya kutosha, na topspini, yaani mpira kuzunguka kuelekea mbele, nayo inauvuta chini kwa nguvu ndogo zaidi. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, linahesabu mahali popote pa zaidi ya mita 1,219 kuwa nyanda za juu na linaruhusu huko mpira wa aina maalumu. Kampala iko jirani kabisa na kipimo hicho; ninyi mmekiacha mbali chini. Ukidondoshwa kutoka sentimita 254 katika mazingira ya maabara, mpira huo hudunda sentimita 122 hadi 135, na ule wa kawaida 135 hadi 147. Soma maandishi ya kopo kabla ya kununua. Kwa mazoezi, mipira iliyopoteza pumzi kidogo inafaa, mradi manyoya yake bado yapo.

Kubana ndiyo dawa mbaya kuliko zote. Mkono mgumu unapunguza kasi ya kichwa cha raketi, kasi ikipungua topspini inapungua, na mpira usiozunguka ndio unaopaa. Fupisha mwendo wa nyuma, shusha kichwa cha raketi chini zaidi ya mpira kabla ya kugonga, kisha zungusha bila kusitasita. Lenga kupita nusu mita hadi mita moja juu ya wavu, wenye sentimita 91.4 katikati, na utake mpira uanguke hatua mbili au tatu baada ya mstari wa sevu. Ukisukisha raketi upya, omba nyuzi zikazwe pauni 2 zaidi. Kama mkono unauma, ushauri huo wa mwisho haukuhusu. Soma jibu la Entebbe hapa chini.

SWALI: Nimecheza badminton tangu sekondari. Sasa nimehamia viwanja vya nje, na kila fohendi yangu inatoka kifundoni. Niache badminton?
*Mwanafunzi, Makerere*

JIBU: Usiache. Angalia uzito tu. Raketi ya badminton haifiki gramu 100 na kinyoya chake kina gramu 4.74 hadi 5.50. Raketi ya tenisi yenye nyuzi huzunguka gramu 300, na mpira una gramu 56.0 hadi 59.4. Kifundo kinachokirusha kinyoya vizuri sana kitasukumwa nyuma na mpira uliokizidi uzito zaidi ya mara kumi. Miguu yako ya badminton ni mali, na ule mgeuko wa kigasha kwenye smashi utakusaidia kwenye sevu. Kwenye fohendi, fanya zoezi la kuganda: gonga polepole, kisha isimamishe raketi kama sentimita 30 mbele ya mahali ulipogonga, na ukiangalie kifundo. Kikiwa kimenyooka au kimeinamia mbele, mpira huo haujahesabika hata kama umeingia. Kwa wiki za mwanzo usicheze michezo yote miwili siku moja.

SWALI: Nina maumivu ya kifundo upande wa kidole kidogo, zaidi ninapopiga fohendi ya juu. Natumia mshiko wa westeni na nyuzi za poliesta. Je, nikaze bendeji niendelee?
*Mama wa watoto wawili, Entebbe*

JIBU: Pole sana, Mama. Usikaze bendeji, na usiendelee. Mshiko ambao kiganja kimezungukia chini ya mpini, semi-westeni na hasa westeni, hupeleka mzigo upande wa kidole kidogo, ambako kuna kano inayopita kwenye mfereji mwembamba wa mfupa na gegedu inayounganisha mifupa miwili ya kigasha. Wenye mshiko wa isteni huumia zaidi upande wa gumba. Si jambo la kupuuza: Juan Martín del Potro alishinda US Open mwaka 2009, na mwaka uliofuata alifanyiwa upasuaji wa kifundo cha kulia. Dominic Thiem, bingwa wa US Open 2020, aliumia kifundo cha kulia Juni 2021 na hakurudi tena kwenye kiwango chake.

Pumzisha mkono. Ukitumia barafu, ifunge kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15 kwa wakati mmoja. Nenda kwa daktari mapema ikiwa unasikia kitu kikiruka au kubofya unapougeuza mkono, kugeuza ufunguo au kukamua nguo kunauma, vidole vinakufa ganzi, au kuna uvimbe. Maumivu yanayobaki baada ya wiki mbili za kupumzika nayo yanataka kuonwa, hata kama ni madogo.

Ukiruhusiwa kurudi, badili vitu vitatu. Panda kutoka upande wa 5 hadi wa 4. Mpira wa juu utakusumbua kwa muda, nawe utaukabili kwa kurudi nyuma au kuuwahi ukiinuka. Toa poliesta uweke nyuzi laini za multifilamenti, zikiwa zimelegezwa pauni 2 hadi 4 kuliko zilivyokuwa. Kisha pima mpini: ushike kama kawaida, na uone kama kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kinaingia kati ya ncha za vidole na kiganja. Kisipoingia, mpini ni mwembamba, na mpini mwembamba humlazimisha mtu kubana ili usizunguke mkononi. Kutoka saizi moja hadi nyingine mzingo huongezeka milimita 3 hivi. Gripu moja ya juu, yaani utepe unaozungushiwa mpini, inaongeza kama nusu ya hapo. Kwa jasho la Entebbe, hiyo gripu ya juu ibadilishwe mara tu inapoanza kuteleza. Gripu inayoteleza ni chanzo cha kubana kisichosemwa vya kutosha, na ndicho cha bei nafuu kuliko vyote kukiondoa.

Anza upya kwenye mstari wa sevu kwa dakika 15, siku moja cheza na moja pumzika. Mpira uliolowa mvua ni mzito. Siku hizo kaa nje.

SWALI: Mwanangu ana miaka 8. Anatumia raketi yangu, na kila akipiga kifundo kinavunjika kwa nyuma. Nimfundishe kukikaza?
*Baba, Gulu*

JIBU: Mzee, mpunguzie mzigo kwanza, kisha tuone kama kuna la kufundisha. Raketi yako ina sentimita 68.5. Umri wake kwa kawaida unataka ya sentimita 58, inchi 23. Asimame wima mkono ukining'inia, kichwa cha raketi kikielekea ardhi. Ncha iiguse ardhi kidogo bila yeye kuinama wala kuinua bega. Mpira nao ubadilike. Tangu 2012, kanuni za ITF haziruhusu mpira wa kawaida wa njano kwenye mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini. Wao hutumia mwekundu, wenye kasi pungufu kwa asilimia 75, wa chungwa, pungufu asilimia 50, na wa kijani, pungufu asilimia 25. Usipoupata mwekundu, mpira wa sponji kwenye uwanja wa mita 11, wenye kamba iliyofungwa kwa urefu wa sentimita 80, utatosha. Kifundo kitatulia chenyewe katika siku chache. Kisipotulia, angalia kama anagonga ubavuni badala ya mbele.

SWALI: Kubana mpira wa tenisi mkononi kila siku kutaimarisha kifundo changu kwa fohendi?
*Mbarara*

JIBU: Kutaimarisha kubana, ambako tayari mnako kwa wingi. Misuli iliyosahaulika ni ile ya mgongo wa kigasha, inayokizuia kifundo kisianguke mbele. Kaa, laza kigasha juu ya meza, mkono ukitokeza ukingoni, kiganja kikitazama chini. Shika chupa ya nusu lita iliyojaa maji, pandisha kifundo kwa sekunde moja na ukishushe kwa sekunde tatu, mara 12, mizunguko mitatu, siku tatu kwa wiki. Chupa ikiwa nyepesi, chukua ya lita moja. Ukihisi maumivu ya kuchoma karibu na kiwiko, rudi kwenye ndogo na ufanye mara 8.